Pombe, Asali na Mabondo: Chakula Kipi ni cha Mimea Pekee?

Yako maswali ya sayansi ya vyakula ambayo huonekana mepesi mpaka mtu anapojaribu kuyajibu. Moja ni hili: chakula kipi hasa kinastahili kuitwa chakula cha mimea pekee? Mkulima wa Bariadi aliyekula ugali wa mtama kwa mlenda, kisha jioni akanywa kata ya pombe ya mtama, huenda akaliona swali hilo halina maana, kwa kuwa vyote hivyo vimetoka shambani mwake. Lakini tukikifuata kila chakula hatua kwa hatua, tangu shambani hadi kinywani, tutakuta njiani wanyama, wadudu, samaki, na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao si wanyama wala si mimea.

Wala swali hili si la anasa. Analiuliza mgonjwa aliyeshauriwa na daktari apunguze mafuta ya wanyama. Analiuliza mtu ambaye mwili wake haupatani na samaki au maziwa, na ambaye hata chembe ndogo yaweza kumdhuru. Analiuliza anayefunga kwa mujibu wa imani yake, na mfanyabiashara anayetaka kuandika maneno ya kweli juu ya bidhaa yake. Aidha, yuko mtu wa tano ambaye halijapata kumpitikia, nalo lamhusu kuliko wote: mama wa kijijini ambaye watoto wake hula vyakula vya mimea siku nenda siku rudi, si kwa kuchagua, bali kwa sababu maziwa, mayai na samaki vimemshinda bei. Tutamrudia mama huyu baadaye.

MAANA YA MANENO

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa mara nyingi. Mla mboga ni mtu asiyekula nyama wala samaki, lakini aghalabu hunywa maziwa, na pengine hula mayai na asali. Mla mimea pekee huviacha vyote vitokavyo kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, samli, mayai na hata asali. Desturi za namna hii ni za kale sana. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, kwa mfano, hujizuia nyama, maziwa na mayai katika siku nyingi za mfungo kila mwaka. Wafuasi wa dini ya Kijaini huenda mbali zaidi: wengi wao hawali asali, na walio wakali wa kanuni hawali hata viazi na mizizi mingine, kwa kuwa kuing'oa huua mmea wenyewe pamoja na viumbe waliomo udongoni. Kwa hao, michembe ya Kisukuma, ambayo ni mmea usio na shaka, ingekataliwa.

Katika nchi za Magharibi mwendo huu ulipata jina na chama mwezi Novemba 1944, Donald Watson na wenzake walipoasisi Vegan Society nchini Uingereza. Maelezo ya chama hicho yanamtaka mtu aepuke kuwatumia wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Msomaji ayashike maneno hayo ya mwisho, maana yanakiri kwamba mpaka kati ya chakula cha mimea na kisicho cha mimea haukuchorwa na maumbile. Huchorwa na watu, kwa kufuata makusudi yao.

POMBE YA MTAMA

Tuanze na kinywaji kinachojulikana katika vijiji vingi vya Simiyu. Mtama au ulezi huloweshwa, hutandazwa mahali penye unyevu hadi uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Unga huo huitwa kimea. Neno hilo ni ndugu wa neno mmea, na yote mawili yametokana na kitenzi kumea. Lugha yetu basi imelihifadhi ndani ya jina hilo jambo ambalo wanakemia walilieleza kwa kirefu baadaye, kwamba siri ya pombe imo katika kumea kwa punje. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya viitwavyo amilesi, ambavyo hukata minyororo mirefu ya wanga na kuifanya sukari, ili kichipukizi kipate chakula. Mpishi wa pombe huikatiza safari hiyo kwa kukausha kimea, kisha hukichanganya na uji. Vimeng'enya huendelea na kazi, na uji mzito hugeuka kuwa mwepesi na mtamu. Hapo ndipo togwa ilipo. Ikiachwa zaidi, huchachuka na kuwa pombe.

Mpaka hapa hatujaona mnyama. Lakini ni nani anayegeuza sukari kuwa kileo? Ni hamira, kiumbe wa chembe moja tu. Louis Pasteur wa Ufaransa, ambaye mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima juu ya bia, alionyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai wala si kuoza tu kwa kitu kilichokufa. Pamoja na hamira wamo bakteria wanaotia uchachu, ambao ndio huipa pombe ya kienyeji ladha yake kali.

Je, hamira ni mmea? Zamani vitabu vya shule viliiweka pamoja na mimea, kwa hoja kwamba haitembei. Mwaka 1969 mwanabiolojia wa Marekani, Robert Whittaker, alipendekeza viumbe vigawanywe katika himaya tano, na kuvu, ambalo ndilo kundi la hamira, likapewa himaya yake. Uchunguzi wa chembe za urithi uliofanywa tangu miaka ya 1990 umeonyesha jambo la kushangaza zaidi: kwa nasaba, kuvu wako karibu na wanyama kuliko walivyo karibu na mimea. Kuta za chembe zao zina kitini, ambayo ni maada ileile ya magamba ya wadudu na kaa, na akiba yao ya nishati huiweka kwa namna ya glaikojeni, kama ini la mnyama, wala si kwa namna ya wanga kama kiazi.

Kwa hiyo, tukilichukua neno mimea kwa ukali wa kibiolojia, hakuna pombe, mkate wala maandazi ya hamira yaliyo ya mimea pekee. Hata hivyo, walaji wa mimea karibu wote duniani huipokea hamira bila kusita, kwa kuwa haina neva wala haisikii maumivu. Hapa tunajifunza kwamba kanuni yao haihusu hasa mmea ni nini. Inahusu mnyama asitumiwe. Kwa kipimo hicho, pombe ya mtama iliyotengenezwa kwa nafaka, maji na chachu, na ikachujwa kwa chujio tu, imetimiza sharti. Ukungu wake mzito ni vipande vya nafaka na hamira hai, wala hakuna anayejitaabisha kuuondoa.

WANZUKI

Jirani yake kilabuni ni wanzuki, kinywaji kijulikanacho sana katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Jina lake linamtaja nzuki, ambaye katika lugha hizo ndiye nyuki. Asali, au masega yaliyokwisha kukamuliwa, huchanganywa na maji vuguvugu na kuachwa yachachuke. Asali yenyewe haiharibiki upesi kwa kuwa maji yaliyomo ni kidogo mno, kiasi cha asilimia 17 au 18 tu, na hamira haiwezi kuishi katika utamu mkali kiasi hicho. Pindi inapozimuliwa kwa maji, hamira huamka na kuanza kazi.

Je, asali ni kitu cha mimea? Asili yake ni maji matamu ya maua. Lakini nyuki huyanywa, huyachanganya na vimeng'enya vya mwili wake vinavyoigawa sukari ya ua kuwa glukosi na fruktosi, huyatapika ndani ya sega, na huyapepea kwa mabawa hadi maji yapungue. Ni kazi ya mnyama tangu mwanzo hadi mwisho, kama maziwa yanavyotokana na majani lakini si majani. Chama cha mwaka 1944 na Wajaini wanakubaliana katika jambo hili. Basi wanzuki wa asali si kinywaji cha mimea pekee. Lakini pale mtengenezaji anapotumia sukari badala ya asali, kama ilivyo mara nyingi mjini, kinywaji kilekile chenye jina lilelile hugeuka kuwa cha mimea. Jina la chakula, basi, si ushahidi wa kutosha. Sharti tuulize kilichotiwa ndani.

BIA YA CHUPA NA SAMAKI WA ZIWANI

Tukiiacha pombe ya kienyeji na kuitazama bia ya kiwandani, swali hugeuka. Karatasi ya chupa hutaja maji, shayiri, pengine mtama, mahindi au sukari, na maua ya hopsi. Yote ni mimea. Shaka haiko katika vilivyotiwa ndani, bali katika vile ambavyo bia ilipitia.

Mnywaji wa bia hupenda kinywaji kiwe angavu, na bia changa imejaa hamira inayoelea. Kwa karne nyingi watengenezaji wa Ulaya waliiondoa kwa kutumia mabondo ya samaki, yaani vile vibofu vya hewa vimwezeshavyo samaki kuelea majini. Mabondo hukaushwa, hukatwakatwa na kulainishwa katika asidi hafifu, yakawa uteute wa protini iitwayo kolajeni. Katika bia, ambayo ina uchachu, kolajeni hiyo hubeba chaji chanya ya umeme, na chembe za hamira hubeba chaji hasi. Vitu viwili hivyo huvutana, hushikana kuwa mabonge, na mabonge huzama chini ya pipa. Bia hubaki safi juu, na sehemu kubwa ya mabondo huachwa chini pamoja na masimbi.

Zamani mabondo bora yalitoka kwa samaki aina ya stajeni wa Urusi. Lakini msomaji wa Simiyu hana haja ya kutazama mbali hivyo. Wilaya ya Busega imepakana na Ziwa Viktoria, na katika ziwa hilo yuko sangara, aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Viwanda vya minofu vilipostawi Mwanza, mabondo ya sangara nayo yakawa biashara kubwa. Sehemu kubwa huenda Hong Kong na China, ambako hupikwa supu ya heshima. Lakini mabondo ya ziwa letu yamewahi pia kupelekwa Uingereza kwa kazi hiyohiyo ya kusafisha vinywaji. Hivyo kibofu cha samaki aliyevuliwa karibu na Lamadi chaweza kusafiri hadi Ulaya kikatuliza ukungu wa bia ambayo karatasi yake haitaji samaki hata mara moja.

Je, ni bia zote? La. Bia ya aina ya laga, ambayo ndiyo nyingi katika baa zetu, kwa kawaida huhifadhiwa katika baridi kali hadi hamira itulie, kisha huchujwa kwa mashine. Unga unaotumika sana katika kuchuja ni daiatomaiti, yaani mabaki ya miani midogo mno ya kale yenye magamba ya silika. Afrika Mashariki tunalo timbo mashuhuri la unga huo huko Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya. Dawa nyingine ya kusafisha ni karajinani, inayotolewa katika mwani na kutiwa wakati bia ingali inachemshwa, ili ikamate protini za nafaka. Karajinani ndiyo sababu mwani unaolimwa Unguja na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 husafirishwa ng'ambo. Kwa hiyo ukanda wetu una pande zote mbili za ugomvi huu: mabondo kutoka ziwani, na mwani na daiatomaiti visivyomhusisha samaki kabisa.

Hata viwanda vikubwa vimebadili mwenendo. Kiwanda cha Guinness cha Dublin, kilichotumia mabondo kwa miaka mingi, kilitangaza mwaka 2015 kwamba kitaweka mitambo mipya ya kuchuja na kuyaacha, na mabadiliko hayo yakatekelezwa katika miaka iliyofuata. Bia ileile, kwa ladha ileile, ilivuka mpaka bila kubadilishwa nafaka wala hamira. Kilichobadilika ni chujio tu.

Mambo ya namna hii hayahusu bia peke yake. Mvinyo huweza kusafishwa kwa ute wa yai au kwa protini ya maziwa. Rangi nyekundu iitwayo karmini, itumikayo katika baadhi ya peremende na vinywaji, hutengenezwa kwa wadudu waliokaushwa. Peremende laini za kutafuna mara nyingi hushikanishwa kwa jelatini, ambayo huchemshwa kutoka katika ngozi na mifupa.

KARATASI YA BIDHAA HUSEMA NINI

Kanuni ya kimataifa ya kuandika maelezo ya vyakula vilivyofungashwa, iliyotolewa na Tume ya Kodeksi mwaka 1985, humtaka mtengenezaji aorodheshe viambato. Lakini vitu vilivyosaidia tu katika utengenezaji, kisha vikaondolewa, kwa kawaida havimo katika sharti hilo, isipokuwa vile vinavyojulikana kuwaletea watu mzio. Hata hapo zipo ruhusa: Umoja wa Ulaya umeyasamehe mabondo yanayotumika kusafisha bia na mvinyo, baada ya wataalamu kuona kwamba kinachobaki ni kidogo mno kuweza kudhuru.

Haya yana mantiki kwa upande wa afya, lakini hayamtoshelezi mtu anayeuliza kwa sababu ya dhamiri. Kwa hapa nchini, Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, ndilo ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa pia usimamizi wa usalama wa vyakula. Mjasiriamali wa Bariadi anayetaka kuandika maneno "mimea pekee" juu ya chupa ya mafuta au pakiti ya michembe afahamu kwamba ahadi hiyo ni nzito kuliko orodha ya viambato. Anadhamini njia nzima ambayo chakula kimepita, pamoja na mashine na vyombo alivyovitumia.

VYAKULA VYA KILA SIKU

Sasa tuipitie meza ya kawaida ya Simiyu. Michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa, ambayo ni viazi vilivyochemshwa kwanza kisha vikaanikwa, ni mimea pasi na shaka. Ndivyo ilivyo kwa mlenda, njugu mawe, karanga, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, mradi havikuungwa kwa samli au maziwa. Lakini mboga hizohizo zikiungwa hivyo, kama ilivyo desturi katika nyumba yenye ng'ombe, zimevuka mpaka.

Mafuta ya pamba ni fahari ya mkoa huu, unaoongoza nchini kwa zao hilo. Mbegu ya pamba ina rangi ya sumu iitwayo gosipoli, ambayo huukinga mmea dhidi ya wadudu. Mafuta ghafi husafishwa kwa magadi makali, na gosipoli huondoka pamoja na asidi za mafuta zilizolegea. Mnyama hahusiki popote katika kazi hiyo. Na ikiwa chupa imeandikwa kwamba mafuta hayana lehemu, msomaji afahamu kuwa hiyo si sifa ya kiwanda hicho peke yake, kwa maana mafuta yote ya mimea kwa asili yake hayana lehemu ya kutajwa. Mashudu yanayobaki hulishwa ng'ombe, ambao matumbo yao huivumilia gosipoli kuliko ya kuku au nguruwe.

Sukari inastahili aya yake. Katika baadhi ya viwanda vya ng'ambo vinavyosafisha sukari ghafi ya miwa iwe nyeupe kabisa, maji ya sukari hupitishwa katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaonyonya rangi. Sukari ya kahawia itokayo moja kwa moja katika kiwanda cha miwa husafishwa kwa chokaa na moto, haihitaji mkaa huo.

Naye anayedhani kwamba walau maji hayana mjadala, na atazame Ngurdoto mkoani Arusha, kwenye kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi katika maji. Maeneo kadhaa ya nchi yetu, zikiwemo sehemu za ukanda wa Shinyanga ambamo mkoa wa Simiyu ulimegwa mwaka 2012, yana visima vyenye floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Njia ambayo watafiti wa Ngurdoto wameishughulikia ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwani madini ya mfupa hushika floraidi. Je, tumwambie mzazi ambaye meno ya mtoto wake yanaharibika kwamba maji hayo si ya mimea? Mwenye akili timamu atasema kwamba afya ya mtoto hutangulia.

MPAKA UWEKWE WAPI

Tukiendelea kufuata nyuma zaidi, hatutapata mahali pa kusimama. Shamba la mtama la Bariadi limelimwa kwa plau inayokokotwa na maksai, na limerutubishwa kwa samadi. Mtama wenyewe, basi, umebebwa na jasho la ng'ombe. Wapo wakulima wachache Ulaya wanaokataa samadi kwa sababu hiyo. Kwa mkulima wa Simiyu jambo hilo lingekuwa kuacha mbolea aliyonayo na kununua asiyoimudu.

Kwa hiyo napendekeza tuulize maswali matatu kwa mfuatano. La kwanza, ni nini kimo ndani ya chakula? Hilo latosha kwa mgonjwa aliyekatazwa mafuta ya wanyama. La pili, chakula kimepitia nini? Hilo ni la mwenye mzio mkali, la mfungaji, na la mwenye dhamiri. La tatu, chakula kimekosa nini? Hili husahauliwa na wote, nalo ndilo linalotuunganisha na yule mama tuliyemtaja mwanzoni.

KINACHOKOSEKANA

Chakula cha mimea chaweza kumpa mtu nguvu, protini, na vitamini nyingi, hasa nafaka inapoliwa pamoja na jamii ya kunde. Lakini kitu kimoja mimea haina: vitamini B12. Vitamini hii, iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ni ya lazima kwa kutengeneza damu na kulinda neva. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 hivi kwa siku, kiasi kidogo kuliko punje ya vumbi. Ini huweka akiba inayoweza kudumu kwa miaka, ndiyo maana upungufu hunyemelea polepole. Ukifika, huleta upungufu wa damu, ganzi ya miguu, na usahaulifu. Mtoto anayenyonya kwa mama aliyepungukiwa hana akiba hiyo, na ubongo wake unaokua ndio unaolipa.

Lakini ng'ombe naye haitengenezi vitamini hii. Wanaoitengeneza ni bakteria walio tumboni mwake, kwa kutumia madini ya kobalti yaliyomo katika malisho. Hakuna mmea wala mnyama awezaye kuitengeneza kwa nguvu zake. Viwanda vya dawa navyo huwafuga bakteria katika mapipa ili kuipata. Kwa hiyo B12 ya kidonge, kwa asili yake, si ya mnyama wala si ya mmea. Ni ya viumbe wale wadogo, kama kilivyo kileo katika pombe. Na hapa niweke wazi jambo moja, maana wako wanaoisifu pombe ya kienyeji kuwa ni chakula kamili: hamira haitengenezi vitamini B12, na mtu hawezi kuitegemea pombe impatie.

Jambo la pili ni madini ya chuma na zinki. Nafaka zinayo, lakini zinayo pia asidi ya faitiki, ambayo huyafunga madini hayo yasipenye katika utumbo. Kumeza na kuchachua nafaka huamsha vimeng'enya vinavyoivunja asidi hiyo. Uji wa kimea au togwa changa, basi, humpa mtoto madini mengi zaidi kuliko uji wa unga uleule usiochachuliwa. Hiyo ni hekima ya bibi zetu ambayo maabara imeithibitisha, na haihitaji kufika kwenye kileo. Ndimu au ubuyu pamoja na chakula huongeza ufyonzaji wa chuma, na chai ya rangi pamoja na chakula huupunguza.

Serikali haikulala. Kanuni za urutubishaji wa vyakula za mwaka 2011 zilielekeza unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta ya kula yatiwe vitamini A. Lakini kanuni hizo humfikia anayenunua unga wa pakiti. Familia inayopeleka mahindi au mtama wake kwenye mashine ya kusaga ya kijijini hurudi na unga uleule ilioupeleka, bila nyongeza yoyote. Familia hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na mlo wa mimea pekee, nayo ndiyo iliyo mbali zaidi na kinga yake. Anayechagua mlo huo mjini, kwa elimu na fedha, aweza kununua vidonge. Asiyeuchagua hana habari kwamba umekosa kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu una pande mbili. Anayetaka kula mimea pekee kwa hiari yake, na ale kwa amani: mtama, kunde, karanga, nsansa na mafuta ya pamba vitamtosha kwa mengi, ila atafute B12 katika vyakula vilivyorutubishwa au vidonge, na asiiache kwa kujidanganya kwamba mwili utazoea. Asiyechagua, ambaye hali tu ndiyo iliyomlazimisha, asiambiwe kwamba mlo wake ni wa kisasa. Kiganja cha dagaa wa ziwani katika mboga ya mtoto, au kikombe cha maziwa ya mgando kwa mama mwenye mimba, kina thamani kubwa kuliko bei yake. Na pale mashine za vijijini zitakapowezeshwa kuchanganya virutubishi katika unga, mama huyo atapata kinga hiyo palepale anaposaga, bila kununua unga wa pakiti.

Hivyo, mtu akiuliza kama pombe ya mtama ni ya mimea pekee, tumjibu kwamba ndiyo, kwa kipimo cha desturi. Bia ya chupa mara nyingi ndiyo, lakini aulizwe mtengenezaji. Wanzuki wa asali siyo. Kisha naye tumwulize swali letu: baada ya kujua kilichomo na kilichopitiwa, je, umeangalia kilichokosekana?